Hesabu Miguuni (2): Makumi Mbili Mchangani

Juma lililopita tulimwacha mtoto wetu ufukweni Uvira, amesimama kwa mikono, miguu juu. Leo tumshushe, tumpe kazi.

Chora mchangani mistari kumi. Aruke kwa miguu yote miwili, akihesabu kwa sauti. Akimaliza wa kumi aweke jiwe pembeni, arudi mwanzo. Mruko wa ishirini na tatu utamkuta na mawe mawili pembeni, na yeye mwenyewe yuko mstari wa tatu. Hajaambiwa neno juu ya makumi na mamoja, ila ameshayakanyaga.

Hapo sisi watu wa Uvira tuna bahati tusiyoitumia. Kiswahili cha vitabuni husema ishirini, thelathini, arobaini, maneno ya asili ya Kiarabu yasiyomwonyesha mtoto ni makumi mangapi yamo ndani. Mama muuza ndagala husema makumi mbili, makumi tatu: mawe yenyewe yamo katika neno. Kwa Kifaransa, onze inaificha kabisa ile kumi na moja. (Tushukuru kwamba Wabelgiji walituachia septante; kwa Mfaransa wa Paris, sabini ni sitini-kumi.) Sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia. Basi mtoto wa darasa la kwanza aruke kwa lugha ya nyumbani kwanza. Onze itamkuta mbele.

Akishachoka kuhesabu, kuna nzango, mchezo wa wasichana wa Kinshasa na Brazzaville. Wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaruka, na kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele. Ikilingana, alama ya huyu. Ikipishana, ya yule. Waulize miguu inaweza kukutana kwa njia ngapi. Watabisha, watarudia polepole, hadi wakubaliane: nne, mbili kwa kila upande. Ndipo wanapoona kwamba hakuna aliyependelewa.

Robo nazo hazihitaji ubao. Mtoto alitazame ziwa, kisha aruke akigeuka robo kulia: anaelekea Kalundu. Robo nyingine, milima ya Mitumba. Nyingine, Kavimvira. Ya nne inamrudisha majini. Muulize kesho yake robo tatu ni wapi. Asipopata neno, mtazame miguu: imeshageukia Kavimvira.