Pikipiki za zamani Luano: Namna ya kuirudishia nguvu breki ya mbele kwa fedha kidogo

Lubumbashi. Kwenye barabara inayotoka katikati ya Lubumbashi kwenda uwanja wa ndege wa Luano, pikipiki mpya kutoka India na China hupishana na mashine zenye umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Honda CG125, Yamaha AG100 na Yamaha DT125 bado zinabeba abiria, magunia ya makala na mafundi wanaokwenda kazini. Injini zake zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na bado zinawaka.

Kinachochoka bila kelele ni breki ya mbele. Injini ikifa, pikipiki haitoki nyumbani, kwa hiyo fedha ya matengenezo hutafutwa siku hiyo hiyo. Breki ikidhoofu, pikipiki inaendelea kutoka kila asubuhi, na mwenyewe anazoea kukanyaga breki ya nyuma huku akiomba njia iwe wazi.

Wengi wanapoamua kulimaliza tatizo hilo, wazo la kwanza ni kung'oa breki ya ngoma na kufunga ya diski. Hiyo ni kazi ya gharama, na mara nyingi si ya lazima. Breki ya ngoma iliyotengenezwa vizuri inaweza kuisimamisha vyema pikipiki ya 125 kwa mwendo wa mjini. Sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea hurudi kwa waya mpya, grisi kidogo, viatu vya breki vinavyogusa sawasawa na saa chache za fundi mvumilivu.

Mita 12 za uhai

Chukua pikipiki mbili kwenye lami kavu, zote zikienda kilomita 60 kwa saa. Ya kwanza inapunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, kama pikipiki inayotegemea zaidi breki ya nyuma. Ya pili, yenye breki nzuri ya mbele, inapunguza mita 6.

Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, ya kwanza itahitaji karibu mita 35 ili isimame, na ya pili mita 23. Tofauti ni mita 12, zaidi ya urefu wa Hiace mbili zilizofuatana. Hapo bado hujahesabu sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujashika breki, ambayo peke yake inakula karibu mita 17.

Kuna hesabu nyingine inayotisha zaidi. Pale pale ambapo pikipiki ya pili imesimama kabisa, ya kwanza bado inakwenda karibu kilomita 35 kwa saa. Kama mbele kuna mtoto anayevuka au lori la shaba lililosimama ghafla, huo ndio mwendo wa kugonga.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa kwenye pikipiki au chombo cha magurudumu matatu.

Kwa nini ya mbele?

Pikipiki inapofunga breki, uzito wake na wa dereva hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana breki ya nyuma ikikanyagwa kwa nguvu, tairi hufunga na kuanza kuteleza mapema, wakati ya mbele bado ina uwezo wa kushika.

Imani kwamba breki ya mbele humpindua dereva imeenea, na ina chanzo chake. Breki ya ghafla kwenye mchanga, tope au kona inaweza kumwangusha mtu. Lakini kwenye njia iliyonyooka, mkono ukibana taratibu kisha ukaongeza nguvu, breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Abiria au mzigo ukiwa nyuma, gurudumu la nyuma nalo hupata uzito wa kushika vizuri zaidi, hivyo breki zote mbili zitumike pamoja.

Hata sheria ya kimataifa inalitambua hilo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka pikipiki iwe na breki mbili, moja ya gurudumu la nyuma na nyingine ya gurudumu la mbele.

Kilichomo ndani ya ngoma

CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na matengenezo ni haba. Ngoma yake ya mbele ni ya aina rahisi kabisa: viatu viwili vya umbo la nusu mwezi, na kamu moja, yaani kile kipande cha chuma kinachogeuka na kuvitanua mpaka vigandamize ukuta wa ngoma.

Viatu hivyo havifanyi kazi sawa. Kimoja, kinachotangulia katika mwelekeo wa mzunguko, huvutwa na ngoma yenyewe na kujikaza zaidi. Cha pili husukumwa nyuma na mzunguko huo huo, hivyo mchango wake ni mdogo. Kwa sababu nguvu inatoka kwa kiatu kimoja hasa, kasoro yoyote ndogo kwenye kiatu hicho huhisiwa mkononi mara moja.

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile ya gharama ndogo. Zifanye kwa mpangilio, na ujaribu pikipiki baada ya kila moja. Huenda usihitaji kufika mwisho.

Kwanza, usafi

Kiangazi cha Haut-Katanga kina vumbi jekundu, na masika yana tope. Vyote viwili huingia kwenye ngoma. Fungua gurudumu, toa viatu, futa kila kitu kwa kitambaa chenye maji. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo: viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani.

Uso wa kiatu ukiwa unang'aa kama kioo, ukwangue kwa msasa mpaka ung'aro uishe. Kiatu kilicholowa mafuta au grisi kitupwe. Kukichoma moto au kukiosha kwa petroli hakukirudishii nguvu yake. Kisha toa kamu, isafishe kutu, ipake grisi ya joto kali kidogo sana na uirudishe. Kamu inayogeuka kwa ugumu hula nguvu ya mkono kabla haijafika kwenye viatu.

Pili, waya

Waya wa zamani hunyooka, na ganda lake hujibana kila mkono unapovutwa. Dereva anadhani anabana breki, kumbe anabana waya. Waya mpya wenye ganda gumu na utando wa plastiki ndani ni kati ya vipuri vya bei nafuu kabisa, na mabadiliko yake huonekana siku hiyo hiyo. Upitishe bila kona kali, na uhakikishe usukani ukigeuzwa pande zote mbili haukazi waya.

Baada ya kuufunga, tazama wenzo mfupi ulio kwenye gurudumu, ule unaovutwa na waya. Breki inapobana, wenzo na waya vinapaswa kukaribia pembe ya nyuzi 90. Hapo ndipo mvuto una nguvu zaidi.

Kuna ujanja hatari wa kuepuka hapa. Viatu vikiisha, baadhi ya watu huung'oa wenzo na kuurudisha kwa kuuhamisha jino moja ili waya upate tena nafasi ya kukazwa. Viatu havijaongezeka unene kwa kufanya hivyo. Kamu hugeuka kupita kiasi, na inaweza kukwama ikiwa imebana au kukosa kubana kabisa.

Tatu, viatu vinavyogusa kote

Viatu vipya vya bei ya chini mara nyingi havina duara sawa na ngoma iliyokwisha kulika. Vinagusa sehemu ndogo ya katikati au ncha tu, na mwenye pikipiki analalamika kwamba kipuri ni kibovu.

Dawa ni chaki. Paka chaki ndani ya ngoma, funga gurudumu, lizungushe kwa mkono huku ukibana kidogo, kisha fungua. Mahali chaki iliposhika kwenye kiatu ndipo panapogusa. Punguza hapo kidogo kidogo kwa msasa, rudia, mpaka alama zienee karibu uso wote. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuifanya kazi hii haraka zaidi kwa kukereza viatu vikiwa vimefungwa kwenye sahani yake.

Viatu vya asili vya chuma kizuri visitupwe. Vinaweza kubandikwa bitana mpya, ilimradi kazi ifanywe na mtu mwenye gundi maalumu ya breki na namna ya kuikausha kwa joto. Bitana ikibanduka ndani ya ngoma, gurudumu la mbele linaweza kufunga ghafla ukiwa njiani.

Nne, ngoma yenyewe

Mkono wa breki ukicheza mbele na nyuma kila unapobana, huenda ngoma imepoteza uduara. Lubumbashi, mji uliokua kwa migodi na reli, ni mahali pa watu wanaojua kukereza chuma. Ngoma hukerezwa gurudumu likiwa limekamilika na spoku zikiwa zimekazwa, kwa sababu spoku zenyewe huivuta ngoma.

Ndani ya ngoma nyingi kumeandikwa kipimo cha mwisho cha upana. Ngoma ikishakipita, ibadilishwe. Kadiri inavyopanuliwa ndivyo ukuta wake unavyokuwa mwembamba, na viatu vya kawaida havitafika.

Tano, wenzo mrefu zaidi

Wenzo wa gurudumuni wenye urefu wa milimita 60 ukibadilishwa na wa milimita 75, nguvu kwenye kamu huongezeka kwa robo kwa mvuto ule ule wa mkono. Bei yake ni kwamba mkono wa breki nao utasafiri robo zaidi, kwa hiyo mabadiliko haya yafanywe tu baada ya waya na viatu kuwa sawa. Mkono ukigusa usukani kabla breki haijashika, umepoteza.

Tafuta wenzo mzima kutoka pikipiki nyingine. Kuunganisha kipande kwa kuchomelea ni kuweka maisha kwenye mshono mmoja.

Sahani ya viatu viwili, au diski?

Ikiwa baada ya hayo yote bado unataka zaidi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni gurudumu lenye sahani ya kamu mbili, ambapo viatu vyote viwili hutangulia na kujikaza. Triumph iliziwekea pikipiki zake za sisi 650 breki ya namna hiyo kwa mwaka 1968, kabla diski hazijaenea. Udhaifu wake ni kwamba haishiki vizuri pikipiki inaporudi nyuma mlimani. Na chuma kinachozuia sahani isizunguke lazima kifungwe imara kwenye shokapu. Kikiachia, sahani itazunguka na gurudumu na kukata waya.

Njia ya pili ni diski, iliyojulikana zaidi tangu Honda CB750 ya mwaka 1969. Pikipiki nyingi za sasa za 125 na 150 zina toleo lenye diski mbele, hivyo vipuri vilivyotumika hupatikana. Kosa la kawaida ni kununua diski na kalipa peke yake, kisha kuchomelea kishikio kwenye shokapu ya zamani ambayo haikuundwa kuubeba mzigo huo. Kilicho salama ni kuhamisha mbele yote kutoka pikipiki moja: shokapu, gurudumu, ekseli, diski, kalipa na masta silinda yake.

Masta silinda isichaguliwe kwa ukubwa. Pana kupita kiasi huufanya mkono wa breki kuwa mgumu na nguvu kupungua. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na yatoke kwenye chupa iliyofungwa.

Ujanja mwingine unaosifiwa ni kutoboa matundu kwenye ngoma ili ipoe, kama pikipiki za mashindano za zamani. Kwa vumbi na mvua za huku, matundu hayo ni mlango wa mchanga.

Jaribio kabla ya kupakia abiria

Viatu vipya huhitaji kuzoeana na ngoma. Tafuta njia iliyonyooka isiyo na watu, anza na kilomita 20 kwa saa, bana taratibu mara kadhaa, uache ngoma ipoe, kisha panda hadi 30 na 40. Chora mstari wa chaki, anza kufunga breki hapo hapo kila mara, na upime kwa hatua za miguu. Andika hesabu kabla ya matengenezo na baada yake.

Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki ya mita 4 iliyoelezwa hapo juu husimama kwa mita 15 na ile ya mita 6 kwa mita 10. Hatua zako zikionyesha kuwa umeokoa mita hizo 5, fedha imefanya kazi yake. Siku za mvua, ukitoka kwenye dimbwi, bana breki kidogo huku ukienda polepole mpaka viatu vikauke.

Jaribio hilo hilo lirudiwe kila baada ya miezi michache, kwa chaki ile ile na mahali pale pale. Hatua zikianza kuongezeka, viatu vimeanza kuisha au waya umeanza kulegea, na utakuwa umejua kabla ya abiria wako.