Kelele za Mashabiki Hazilipi Fidia ya Kocha

Kila msimu wa usajili unapokaribia, swali ni lilelile. Mzazi wa Kapsabet au Iten ana binti aliyeitwa na chuo cha Marekani kwenda kusoma huku anakimbia. Haniulizi ufadhili ni wa miaka mingapi. Haniulizi binti akivunjika mguu nani atalipa hospitali. Ananitumia picha ya skrini kutoka jukwaa la mtandaoni la mashabiki wa chuo hicho na kuandika: "Mwalimu, hapa wanasema mkurugenzi wa michezo anaondoka na makocha wote watafagiliwa. Tusaini au tungoje?"

Wanaoandika hapo hawajui. Na hata wangejua, uamuzi hauko mikononi mwao. Kazi yangu ni usimamizi wa michezo, na sioni imani inayowapotosha wazazi wetu kuliko hii ya kwamba mashabiki wakichachamaa mtandaoni, kocha wa chuo cha Marekani anafungasha virago.

Naelewa inakotoka. Sisi tumekulia kwenye Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards. Kwetu klabu ina wanachama, wanachama wana kura, na kiongozi anayetaka kurudi madarakani hana budi kusikiliza jukwaa linasema nini Jumapili jioni. Timu ikifungwa mechi tatu, kocha anaanza kuaga hata kabla barua haijaandikwa. Mtu aliyezoea hayo akifungua jukwaa la mashabiki wa Texas A&M au Tennessee na kukuta mada moja imefika mamia ya kurasa, watu wanataka kocha aondoke, lazima aamini kwamba mambo yameiva.

Lakini shabiki wa chuo cha Marekani si mwanachama wa kitu chochote. Hana kura. Timu ni idara ya chuo, mkurugenzi wa michezo ni mwajiriwa wa chuo, juu yake yuko rais wa chuo, na juu ya rais kuna baraza la wadhamini ambalo kwenye vyuo vingi vya umma wajumbe wake huteuliwa na gavana wa jimbo. Pembeni wamekaa wafadhili wakubwa, watu wa mafuta, ujenzi na mawakili matajiri, ambao hawahitaji kuandika mtandaoni kwa jina la bandia kwa sababu wana namba ya simu ya rais. Na mezani kuna mkataba wenye kifungu kinachosema kocha akiachishwa kabla ya muda atalipwa kiasi gani. Ukitaka kutabiri, soma kifungu hicho.

Tuchukue Texas A&M, maana hapa ndipo hoja ya kelele inapozama kabisa. Desemba 2017 chuo kilimwajiri kocha wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75. Mwaka 2021 wakauongeza. Msimu wa 2022 timu ikashinda mechi 5 na kupoteza 7, aibu kubwa kwa chuo kilichotumia fedha kiasi kile. Ghadhabu ya mashabiki mwaka ule haikuwa na kifani. Kama kelele zingekuwa na nguvu inayosemwa, Fisher asingemaliza Novemba. Alibaki, kwa sababu kumwondoa kulikuwa ghali kupita kiasi. Akafukuzwa Novemba 12, 2023, timu ikiwa imeshinda 6 na kupoteza 4, yaani ikiwa na hali nzuri kuliko mwaka uliotangulia. Fidia ilikuwa kiasi cha dola milioni 76: zaidi ya milioni 19 ndani ya siku 60, kisha zaidi ya milioni 7 kila mwaka hadi 2031, na mkataba haukupunguza hata senti endapo angepata kazi kwingine. Mkurugenzi wa michezo alieleza kwamba fedha zingetoka kwenye idara yake na kwenye taasisi ya wafadhili wa timu. Mashabiki walikuwa walewale, na hasira ileile. Kilichobadilika ni kwamba wenye fedha walikubali kulipa.

Louisiana ilituonyesha sura nyingine ya jambo hilohilo Oktoba 2025. Chuo cha LSU kilimwachisha kazi kocha wa futiboli, Brian Kelly, na fidia yake ikatajwa kuwa kama dola milioni 54. Siku chache baadaye Gavana Jeff Landry alisimama hadharani akasema mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, hatamchagua kocha anayefuata. Woodward akaondoka wiki hiyohiyo. Ni Woodward huyuhuyu aliyekuwa Texas A&M mwaka 2017 Fisher alipoajiriwa. Mashabiki wa LSU walikuwa wamempigia kelele Kelly muda mrefu, lakini aliyemaliza habari ya Woodward alikuwa gavana, na gavana hahitaji jina la bandia.

Hapa ndipo ninapoletewa Tennessee, kila mara, kama karata ya mwisho. Haya, tuitazame vizuri.

Jumapili ya Novemba 26, 2017, ilivuja habari kwamba Tennessee inamwajiri Greg Schiano kuwa kocha wa futiboli. Ndani ya saa chache mashabiki walijaa mtandaoni, jiwe maarufu la chuoni pale Knoxville, ambalo wanafunzi hulipaka rangi na kuandika ujumbe, likapakwa maneno ya kumshutumu, na kufikia usiku mpango umekufa. Silaha yao ilikuwa madai yaliyokuwa ndani ya ushahidi wa mahakama kuhusu kashfa ya unyanyasaji wa kingono wa watoto katika chuo cha Penn State, ambako Schiano aliwahi kuwa kocha msaidizi. Yalikuwa maneno ya mtu aliyesimulia alichosimuliwa, na Schiano aliyakana. Ndiyo, siku ile mashabiki walishinda. Lakini hawakuwa peke yao. Wabunge wa jimbo walitoa matamko siku ileile, wanasiasa waliokuwa wakiwania ugavana nao wakaingia, na makubaliano ya awali ambayo mkurugenzi wa michezo, John Currie, alisaini na Schiano yalikosa saini ya wakuu wa chuo. Kumwacha mtu ambaye mkataba wake haujakamilika ni rahisi. Kumwondoa ambaye wino wake umekauka ndiyo kazi, na hapo ndipo majukwaa yanaposhindwa mwaka baada ya mwaka.

Ninaowalaumu zaidi ni wale wanaosimulia kisa hiki na kukikata Jumapili ile. Currie alisimamishwa Desemba 1, na chuo baadaye kikamlipa dola milioni 2.5 aondoke kwa amani. Akaja Jeremy Pruitt. Alishinda mechi 16 na kupoteza 19, akafukuzwa Januari 2021 kwa makosa ya usajili, na Julai 2023 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaitoza Tennessee faini ya zaidi ya dola milioni 8. Schiano alirudi kufundisha chuo cha Rutgers mwishoni mwa 2019 na yuko huko anajenga timu. Huo ndio ushindi mnaonitumia kama ushahidi wa hekima ya umma.

Halafu kuna hiki kinachoitwa habari za ndani. Tazama mada moja ya kutafuta kocha inavyokwenda. Mmoja anaandika kwamba binamu yake anafanya kazi ya upishi uwanjani na amesikia jambo. Wa pili ameona kwenye tovuti ya kufuatilia safari za ndege kwamba ndege ya mfadhili fulani imetua mji fulani, anaweka namba ya usajili ya ndege na saa iliyotua. Wa tatu anahitimisha kwamba kocha wa mji huo ameshasaini. Kumbe ndege imempeleka mwenyewe kwenye harusi, au kwenye kikao cha benki, au haina habari na mpira kabisa. Kufikia asubuhi dhana imekuwa habari, na saa tano inamfikia mzazi Kapsabet.

Mzazi ajue pia kwamba hii ni biashara. Mtandao wa Rivals ulinunuliwa na Yahoo mwaka 2007, 247Sports ukanunuliwa na CBS mwaka 2015, na sehemu kubwa ya mapato yao ni ada ya mwezi ya mashabiki wanaolipia kuingia kwenye majukwaa ya faragha. Wamo waandishi wazuri humo, wanaojua kazi yao, na wanaposema kijana wa miaka 17 atachagua chuo fulani mara nyingi wako sahihi. Ila jukwaa linaishi kwa msisimko. Mada inayosema "hakuna jipya leo" haiuzi, kwa hiyo tetesi haina wa kuizima.

Nisieleweke kwamba majukwaa haya hayana athari. Yanayo, ila si ile mnayoniuliza.

Athari yao kubwa niliyoiona ni pale shabiki mmoja anapoacha kupiga kelele na kuanza kuomba nyaraka. Mwaka 2007, shabiki wa Arkansas alitumia sheria ya jimbo ya uhuru wa habari kuomba rekodi za simu ya kocha Houston Nutt, simu iliyolipiwa na chuo cha umma. Rekodi zikatolewa, zikasambaa mtandaoni, na mwisho wa msimu Nutt akaondoka kwenda chuo cha Ole Miss. Miaka 10 baadaye Nutt, akiwa ameshaachishwa Ole Miss na yuko kwenye kesi na chuo hicho, wakili wake akatumia njia ileile kuomba rekodi za simu ya mrithi wake, Hugh Freeze. Namba moja humo ilimtoa Freeze kazini Julai 20, 2017. Uzito wa visa vyote viwili ulikuwa kwenye karatasi za simu, na karatasi hizo angeweza kuziomba mtu ambaye hajawahi kuandika neno mtandaoni.

Athari ya pili inaniuma. Wanaoumia kwa maneno haya ni watoto. Utafiti ulioagizwa na NCAA kuhusu mitandao ya kijamii, uliotangazwa Oktoba 2024, ulithibitisha zaidi ya jumbe 5,000 za matusi, ubaguzi au vitisho dhidi ya wanamichezo, makocha na waamuzi. Asilimia 80 zilihusu mashindano ya kikapu ya mwezi Machi, na wachezaji wa kike walipata vitisho karibu mara tatu ya wenzao wa kiume. Nyuma ya baadhi ya hayo yupo mtu aliyepoteza mkeka. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofungulia majimbo njia ya kamari ya michezo mwaka 2018, binti wa miaka 19 anayekosa penalti mbili anapokea ujumbe wa mtu asiyemjua anayemwambia ajiue. Mzazi anayetaka kuhofia mtandao, ahofie hilo, na amwandae mtoto: akaunti zifungwe kwa wageni, na simu isiwe mkononi usiku wa mashindano.

Sasa turudi kwa mkimbiaji wenu. Majukwaa hayo yamejaa futiboli ya Kimarekani na kikapu. Doris Lemngole, Mkenya wa Alabama, alitwaa ubingwa wa NCAA wa mbio za nyika mwaka 2024, na Juni 2025 akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, mwanafunzi wa kwanza wa vyuo hivyo kushuka chini ya dakika 9. Mashabiki wa Alabama watakwambia jina la mpiga mateke wa akiba wa futiboli kabla hawajakumbuka jina lake. Mtu asiyefuatilia riadha atakuelezaje mustakabali wa kocha wa riadha?

Mfano unaowahusu ni Clemson. Aprili 2019 chuo hicho kilimpa kocha wake wa futiboli, Dabo Swinney, mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 93. Novemba 2020 kikatangaza kufuta riadha na mbio za nyika za wanaume, pamoja na mambo mengine kwa sababu za kifedha. Wanariadha walilalamika hadharani kwa miezi. Uamuzi uligeuzwa Aprili 2021, baada ya mawakili kutishia kukishtaki chuo chini ya sheria ya 1972 ya usawa wa kijinsia katika elimu. Sheria ndiyo iliyorudisha nafasi zile.

Kwa hiyo ulizeni haya, na mjibiwe kwa maandishi. Kwanza nafasi: tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia kwenye maridhiano ya kesi ya House, kuhusu malipo ya wanamichezo, vina ukomo wa watu 17 kwenye mbio za nyika na 45 kwenye riadha, basi ulizeni mtoto anahesabiwa ndani ya idadi hiyo au la. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi, na unalipa ada tu au pamoja na chumba, chakula na bima? Ahadi ya kocha kwenye WhatsApp haitoshi. Mkataba wa ufadhili ni wa chuo, na unapaswa kusema kocha akiondoka nini kinabaki. Nani analipa matibabu ya jeraha, na hadi lini? Mjiandikishe mapema kwenye kituo cha NCAA cha kukagua sifa, maana vyeti vya kwetu huchukua muda. Fedha za matangazo mnazosikia wenzao wanapata tangu Julai 2021, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 asiziguse bila kuona wakili wa uhamiaji, kwa kuwa viza inaweza kufutwa. Na mkitaka kweli kujua kocha atakaa, ombeni mkataba wake. Vyuo vya umma katika majimbo mengi hulazimika kuutoa kwa anayeomba. Mara nyingi barua pepe moja kwa ofisi ya kumbukumbu za umma inatosha. Tafuteni tarehe unapoisha na kiasi cha fidia. Ukiisha kabla binti hajamaliza mwaka wa pili, mwambieni mkurugenzi wa michezo aandike nani atamsimamia.