"Mbona Tena?" Swali la Mama wa Kiboko

Neno "chanjo" limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kwa wembe. Sisi watu wa pwani twamjua mganga achanjaye chale, akapaka dawa, kisha akapokea kuku wake. Basi usistaajabu mzazi akisikia kipaza sauti kikitangaza chanjo akamficha mtoto uvunguni, hali dawa ya polio itolewayo nyumba kwa nyumba ni matone mawili tu kinywani.

Hayo niliyawaza nilipoteremka Kiboko, kituo kidogo cha Makueni baina ya Emali na Makindu, katika njia kuu ya Mombasa. Niliketi na akina mama wauzao matunda. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akaniuliza: "Mzee, huyu alipata matone alipozaliwa, akapata tena kliniki mara tatu. Kisha wakaja nyumbani, wakampa mengine na kumpaka wino kidoleni kama mpiga kura. Mbona tena? Yale ya kwanza yalikuwa mabovu?"

Hilo ni swali la mtu mwenye akili, na jibu lipo. Dozi chache huenda zisimpe kila mtoto kinga kamili. Tena kirusi hupita kwa kinyesi na maji machafu, kwa hiyo watoto wote hupewa kwa siku zile zile, kikose pa kukaa. Kenya ilimaliza polio yake yenyewe mwaka 1984, lakini iliingia tena kutoka nje mwaka 2006, na mwaka 2013 wakapatikana wagonjwa 14, wengi wao upande wa Dadaab. Mama yule aliwafasiria wenzake kwa Kikamba, maelezo marefu kuliko yangu, nao wakamwuliza mengine. Chuoni kwetu maalimu naye hakuiacha aya mpaka ameirudia kwa lugha ya nyumbani.

Kukataa kuna sura nyingi. Wako wafuasi wa Kavonokya, huko Kitui na Tharaka, ambao kwa imani yao hawatumii dawa za hospitali. Mara nyingine watoto wao wamechanjwa mbele ya polisi. Sindano huingia, lakini sidhani kama neno huingia. Mwaka 2015 maaskofu wa Kikatoliki waliwataka waumini wasusie matone mpaka yapimwe. Mzazi wa kijijini amsikilize nani, askofu wake au bango la barabarani?

Mfano mkubwa ni Kano, Nigeria. Mwaka 2003 chanjo ilisimamishwa huko kwa uvumi kwamba inaharibu uzazi. Mwaka uliofuata ikarejea, baada ya viongozi wa dini kushirikishwa na dawa kuletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Ajabu ni kwamba mwaka 2005 kirusi chenye asili ya Nigeria kiliwapooza watoto wa Indonesia yenyewe.

Ukambani hakukosi wajumbe. Kuna vikundi vya mwethya, kuna redio za Kikamba, na tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchini kote. Ningependa mhudumu wa Kiboko, kabla hajakabidhiwa kisanduku cha barafu, apewe nusu siku ya kuketi na wauza matunda wale, aulizwe yeye.