Mifupa ya Mama Zetu: Kwa Nini Jembe na Ndoo Havitoshi

Mwanzoni mwa mwaka huu tulipokea barua kutoka kamati ya parokia moja. Katika muda wa miezi michache akina mama wawili wa kwaya walikuwa wameanguka na kuvunjika, mmoja kifundo cha mkono na mwingine nyonga. Huyu wa nyonga alifanyiwa upasuaji kwa michango ya jumuiya, na hadi barua inaandikwa alikuwa bado haendi chooni bila kushikwa mkono. Kamati iliomba fedha za vidonge vya kalsiamu kwa akina mama wote waliovuka miaka 55. Tulipouliza kama wangekubali sehemu ya fedha hizo iende kwenye mazoezi, katibu alitushangaa: mama zetu wanalima, wanachota maji na kubeba kuni, mazoezi gani tena?

Swali hilo ni la haki. Tumeona tulijibu hapa kwa ajili ya kamati zote, na pia kwa wafadhili wetu, ambao wengi wamezoea kuona dawa katika bajeti za wazee na si mazoezi.

Mfupa ni kitu hai

Mfupa si kama nguzo ya nyumba ambayo ikishasimikwa kazi imekwisha. Kila siku zipo seli zinazokula mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Homoni ya estrojeni huzizuia zile zinazokula zisizidi kiasi. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hushuka na ulaji hushinda ujenzi. Katika miaka ya mwanzo mama anaweza kupoteza takriban asilimia 2 ya mfupa wa uti wa mgongo kila mwaka. Hasikii maumivu yoyote. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvunjika kwenyewe, au kimo kupungua na mgongo kuanza kupinda. Hali hii waganga huiita osteoporosisi.

Seli zinazojenga nazo hazijengi ovyo. Zipo seli nyingine ndani ya mfupa ambazo kazi yake ni kuhisi mfupa unapobonyezwa au kupindishwa kidogo na uzito, na hizo ndizo zinazotoa taarifa kwamba hapa paongezwe nguvu. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika tangu mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaobeba. Jambo ambalo lilichelewa kueleweka ni kwamba seli hizi huzoea. Mzigo uleule, kwa namna ileile, miaka 30 mfululizo, hauwi taarifa mpya tena.

Hapo ndipo lilipo jibu la katibu wetu. Ndoo ya mama ilimjengea mfupa alipokuwa msichana. Leo inamsaidia asipoteze haraka zaidi, na hilo si jambo dogo, lakini haimwongezei. Jembe la mkono nalo humchosha mama mgongo kwa saa nyingi akiwa ameinama, ilhali mfupa hauhitaji saa nyingi. Unahitaji mzigo mzito kuliko uliozoea, mara chache, kisha kupumzika. Hata kutembea, ambako ni kuzuri kwa moyo na kwa shinikizo la damu, kukiwa peke yake huongeza mfupa kidogo sana au hakuongezi kabisa.

Waliojaribu walipata nini

Kwa muda mrefu wazee walio na mifupa dhaifu waliambiwa wasinyanyue kitu kizito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith huko Queensland, Australia, waliamua kulipima jambo hilo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018. Walichukua wanawake 101 waliokoma hedhi, wenye umri wa zaidi ya miaka 58, ambao mifupa yao ilikwisha kupungua. Nusu yao walipewa mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani. Nusu nyingine walikuja mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, mbele ya msimamizi.

Mwezi wa kwanza hawakubeba uzito mkubwa; walijifunza mikao. Baadaye walinyanyua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima, wakakisukuma juu ya kichwa, wakachuchumaa na kuinuka kikiwa mabegani. Kila zoezi lilikuwa na mizunguko 5 ya marudio 5, na uzito ulipandishwa mpaka zaidi ya asilimia 85 ya ule ambao mtu angeweza kuunyanyua mara moja tu. Zoezi la nne lilikuwa kurukia bomba la juu, kujivuta, kisha kujiachia miguu itue kwa kishindo.

Mfupa wa kiuno wa hawa wa uzito mkubwa uliongezeka kwa asilimia 2.9, na wa wenzao ulipungua kwa asilimia 1.2. Kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale nyonga inapovunjikia, waliongezeka kwa asilimia 0.3 tu, lakini wenzao walipoteza asilimia 1.9. Aliyeumia ni mmoja, misuli ya mgongo ilimkaza kidogo.

Na je, kurukaruka tu kunatosha? Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1998 liliwapa wanawake miruko 50 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Wale ambao hawajakoma hedhi waliongezeka mfupa wa nyonga kwa asilimia 2.8 katika miezi 5. Waliokoma hedhi hawakupata ongezeko lolote. Kwa hiyo zoezi linalomfaa binti huenda lisimtoshe mama yake, na kikundi cha akina mama hakiwezi kufuata tu kanda ya mazoezi ya vijana.

Upande wa vidonge, mwaka 2022 yalitoka majibu ya jaribio la Marekani la watu zaidi ya 25,000: vitamini D peke yake haikupunguza kuvunjika kwa watu wazima wa kawaida. Hatusemi kalsiamu haina maana. Mama asiyepata maziwa, dagaa wa kutafunwa na mifupa yake, wala mboga za majani, anahitaji kusaidiwa. Ila kidonge ni tofali, na tofali bila fundi hukaa uani.

Tusitie chumvi

Wafadhili wanastahili kuambiwa ukweli wote. Utafiti wa mwaka 1996 huko Gambia uliwakuta akina mama wazee wa vijijini wakiwa na madini machache mifupani, na bado kuvunjika kulikuwa kwa nadra. Basi upungufu wa mfupa si habari yote. Kuna pia kuanguka. Bibi wa kijijini aliyezoea kuchuchumaa na kuinuka kutoka chini ana mapaja na mizani nzuri kuliko mwanawe anayekaa mjini, juu ya kiti, na kupanda daladala. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio mengi, yaliona kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23, hasa yale ya mizani na ya kuinuka na kuketi. Kwa parokia za mjini tunaliona hili kuwa la haraka zaidi.

Namna parokia inavyoweza kuanza

Vyuma vya Australia hatuna, wala hatuahidi matokeo yao. Lakini tuna madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 20 ni mizani tosha: mama anaanza na lita 3, na kila baada ya wiki mbili anaongezewa kidogo, akilinyanyua kutoka juu ya tofali huku magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka. Tunaongeza kuketi na kuinuka kwenye benchi la ukumbi bila kutumia mikono, kisha kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Siku mbili kwa wiki, nusu saa, kabla ya mazoezi ya kwaya. Uzito usipopanda, tumerudi kwenye ndoo ileile ya kila siku.

Yupo asiyetakiwa kuanza hivi hivi: aliyevunjika kwa kuanguka kwa kawaida tu, aliyepungua kimo au kupinda mgongo, mwenye maumivu ya ghafla ya mgongo, au mwenye shinikizo la damu lisilotulia. Huyo aonwe kwanza hospitali. Kuinamisha mgongo ukiwa na mzigo kunaweza kubonyeza pingili iliyokwisha dhoofika.

Kwa sababu hiyo fedha tutakazotoa hazitanunua vifaa. Zitalipa nauli na posho ya mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya karibu, aje siku nne za mwanzo kuwafundisha akina mama wawili watakaosimamia kikundi, na arudi kila baada ya miezi mitatu kuwakagua. Kamati zinazotaka kuanza zituandikie zikitaja wasimamizi hao wawili, idadi ya akina mama, na mahali pa kufanyia penye sakafu isiyoteleza. Parokia iliyotuandikia kwanza imekwisha kuchagua wake. Mmoja ni yule mama wa kwaya aliyevunjika mkono, ambao sasa umepona na daktari amemruhusu.