Kamera isiyopima umbali kwa niaba yako: Kwa nini baadhi ya wapigapicha wanairudia

Na Mwandishi Wetu, Ngerengere

"MJUKUU wangu, ile picha yetu iko wapi?"

Swali hilo lilinikuta karibu na kituo cha zamani cha reli cha Ngerengere, mkoani Morogoro, mara tu baada ya bibi mmoja muuza mihogo kuitikia shikamoo yangu. Mwaka 2024, nilipofika hapo kuandika habari za treni mpya ya umeme, nilimpiga picha kwa simu akiwa na dada yake nyuma ya karai la mihogo, nikawaahidi kuwaletea nakala ya karatasi. Ahadi hiyo sikuitimiza. Simu ilikwapuliwa mikononi mwangu jijini Dar es Salaam, na picha zote zilizokuwamo zikaenda nayo, kwa kuwa sikuwa nimezihifadhi mahali pengine. Niliporudi Ngerengere mwaka uliofuata, dada yake bibi alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Simu ile ilikuwa na picha zaidi ya elfu nne. Nilipojaribu kuzikumbuka moja moja, sikufikisha ishirini. Ndipo nilipotambua kwamba nyingi kati ya hizo sikuwa nimezitazama sawasawa hata siku nilipozipiga. Simu ilipima umbali, ikapima mwanga, ikachagua kasi. Kazi yangu ilikuwa kugusa kioo tu.

Kwa sababu hiyo, safari ya pili nilikwenda Ngerengere na kamera ya mkanda aina ya Zorki-4, iliyotengenezwa katika uliokuwa Umoja wa Kisovieti. Haina betri, haina kioo cha kuonyesha picha iliyopigwa, na haijui lolote kuhusu umbali mpaka mpigaji aupime kwa mkono wake. Kamera za jinsi hii huitwa renjifainda, yaani kamera zenye kipima umbali. Makala haya yanaeleza zinavyofanya kazi, zilikotoka, na kwa nini mtu mwenye simu nzuri mfukoni anaweza kupata furaha kwa kuzirudia.

Macho mawili, taswira moja

Kanuni ya kamera hizi msomaji anaweza kuijaribu sasa hivi. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, kisha fumbua hilo na ufumbe la kulia. Kidole kitaonekana kuhama. Kikiwa karibu kitahama sana. Kikiwa mbali kitahama kidogo. Ubongo hutumia tofauti hiyo ya macho mawili kukadiria umbali wa vitu.

Renjifainda nayo ina macho mawili. Ukiitazama kwa mbele utaona madirisha mawili madogo yaliyoachana kwa sentimeta chache. La kwanza ni la kuchungulia. La pili hupokea mwanga na kuupeleka, kwa njia ya kioo au kipande cha prizimu, hadi kwenye tundu lile lile la kuchungulia. Hivyo mpigaji huona mandhari yote, na katikati yake doa dogo ambamo kila kitu kina kivuli chake cha pili.

Doa hilo limeunganishwa na lenzi kwa kijiti kilicho ndani ya kamera. Unapozungusha pete ya lenzi, kivuli cha pili husogea. Endelea kuzungusha taratibu mpaka taswira mbili ziwe moja. Zikikutana, lenzi imekaa sawa na umbali wa kitu hicho, nawe unaweza kubonyeza. Ni hesabu ya pembetatu, kama ile ya wapima ardhi, isipokuwa hapa imefichwa ndani ya chombo kinachoshikika kwa mikono miwili.

Kamera nyingi za kitaalamu zilizofuata zilitumia njia nyingine: mpigaji huchungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa msaada wa kioo ambacho huruka juu wakati picha inapopigwa. Renjifainda haina kioo hicho. Kwa hiyo mlio wake ni mdogo zaidi, na mpigaji haachi kuona hata kufumba na kufumbua. Katika nyingi ya kamera hizi huona pia kilicho nje kidogo ya mipaka ya picha: mtoto anayekaribia kuingia, au baiskeli inayokaribia kutoka.

Kutoka Wetzlar hadi Kharkiv

Kipima umbali kilichounganishwa na lenzi kilitumika katika kamera moja ya Kodak tangu mwaka 1916, lakini aliyefungua njia ya kamera ndogo ni fundi Mjerumani, Oskar Barnack, wa kampuni ya Leitz katika mji wa Wetzlar. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925 ikitumia mkanda wa milimita 35, wa aina iliyokuwa ikitumika katika sinema. Ile ya kwanza haikuwa na kipima umbali ndani yake. Mpigaji alikadiria kwa macho au alipachika kifaa cha pembeni. Mwaka 1932 Leica II ilitoka ikiwa na kipima umbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka huo huo Zeiss Ikon ilitoa Contax kushindana nayo.

Wasovieti hawakukaa nyuma. Mwaka 1934 katika mji wa Kharkiv, ambao leo uko nchini Ukraine, ilianza kutengenezwa FED, kamera iliyoiga Leica. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilianza kutengeneza Zorki. Zorki-4 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1973, kwa idadi inayozidi milioni moja. Kwa sababu ya wingi huo, mtu asiye na fedha za kununua Leica bado anaweza kuipata.

Kilele cha kamera hizi ni Leica M3 ya mwaka 1954. Miaka mitano baadaye, 1959, Wajapani walitoa Nikon F, kamera ya kuchungulia kupitia lenzi, na wanahabari wengi wakahamia huko. Mwaka 1977 ilifuata Konica C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa madukani kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujilenga yenyewe. Tangu hapo, kupima umbali kukaanza kuwa kazi ya mashine.

Hata hivyo, kamera za mkanda hazikufa. Mwaka 2022 Leica iliirejesha sokoni M6, kamera ya mkanda ya kulenga kwa mkono, kwa bei inayozidi dola 5,000 za Marekani. Mwaka 2024 Pentax nayo ilitoa kamera mpya ya mkanda. Kampuni za biashara hazifufui vitu vya aina hii kwa huruma, wanunuzi wapo.

Jua la Ngerengere

Ngerengere ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii. Upande mmoja iko reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Upande mwingine ipo reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Pembeni yapo mashamba ya mkonge, na kwa mbali, hewa ikiwa safi, milima ya Uluguru, ambako mto uitwao kwa jina hilo hilo la Ngerengere huanzia.

Somo la kwanza ni mwanga. Zorki-4 haina kipimo cha mwanga, hivyo nilifuata kanuni ya zamani ya wapigapicha: jua likiwa kali, tundu la lenzi liwekwe 16, na kasi ikaribiane na namba ya mkanda. Kwa mkanda wa ISO 400, kasi ni 1/500 ya sekunde. Chini ya kivuli cha mwembe, tundu hufunguliwa hadi 5.6. Baada ya siku mbili nilianza kuusoma mwanga kabla ya kuigusa kamera, jambo ambalo simu haikuwahi kunidai kwa miaka yote niliyokuwa nayo.

Somo la pili ni umbali. Kwa lenzi ya milimita 50, tundu likiwa 11 na pete ikiwekwa meta 5, kila kilichopo kuanzia takriban meta 3 hadi meta 14 huonekana vizuri. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuweka kamera tayari asubuhi, akatembea sokoni, na kupiga bila kuchelewa. Lakini lazima ajue meta 3 ni hatua ngapi. Nilijizoeza kwa kukadiria umbali wa nguzo na milango, kisha kuhakikisha kwa kipima umbali. Mwanzoni nilikosea kila mara.

Somo la tatu linahusu watu. Karibu ya meta moja Zorki haiwezi kulenga, na mtu aliye mbali sana huwa mdogo mno kwenye picha. Kwa hiyo picha nzuri ya mtu hupatikana kwenye meta mbili au tatu, na huo ndio umbali wa kusalimiana. Huwezi kusimama hapo ukizungusha pete bila kusema neno. Lazima umwamkie mtu, ujieleze, na umwombe. Hapo pia upo wajibu wa kisheria na wa busara: Ngerengere ina kambi ya jeshi, na maeneo ya jeshi hayapigwi picha kwa kamera yoyote, iwe mpya au kuukuu. Ukiwa na shaka, uliza kwanza.

Yapo pia masharti ya chombo chenyewe. Zorki-4 haipendi kasi yake ibadilishwe kabla ya mkanda kuvutwa, kwani mtambo unaweza kuharibika. Aidha, pazia lake ni la kitambaa na hakuna kioo cha kulikinga. Lenzi ikiachwa wazi ikielekea jua, huweza kulitoboa kama miwani ya kukuzia inavyochoma karatasi. Kwa hiyo kifuniko cha lenzi ni cha lazima.

Kosa la mwenye kamera

Kifuniko hicho ndicho kilichoniumbua. Baada ya kumweleza bibi yule kuhusu simu iliyopotea, alinyamaza kidogo, kisha akajifunga khanga vizuri na kusema, "Basi piga mimi peke yangu." Nilipiga picha saba. Nililinganisha taswira kwenye ukingo wa khanga yake kwa uangalifu mkubwa, nikaondoka nikiwa na uhakika.

Nilisafisha mkanda mwenyewe nyumbani. Mikanda ya rangi nyeusi na nyeupe kwa kawaida husafishwa kwa dawa yenye nyuzijoto 20, na kwa kuwa maji ya bombani kwetu ni ya moto kuliko hapo, ilibidi niyapoze kwa barafu. Mkanda ulipotoka, mashamba ya mkonge yalikuwapo, na reli ilikuwapo. Picha saba za bibi hazikuwapo. Sehemu yake ilikuwa nyeupe kama kioo cha dirisha. Nilikuwa nimepiga kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Katika kamera ya kuchungulia kupitia lenzi ningeona giza na kushtuka. Katika renjifainda dirisha la kuchungulia liko pembeni, nalo liliendelea kunionyesha bibi vizuri kabisa.

Nalieleza kosa hili ili msomaji asidhani kwamba kamera ya zamani ni dawa ya uzembe. Simu ilinipotezea picha kwa sababu sikuzihifadhi; Zorki ilininyima picha kwa sababu sikuitazama. Tofauti ni kwamba makosa ya kamera hii hujulikana chanzo chake, na hivyo hufundisha.

Mkanda hubaki

Mkanda uliosafishwa vizuri na kutunzwa pakavu hudumu kwa miongo mingi. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ni ushahidi wa jinsi hifadhi ya picha za studio moja inavyoweza kuwa kumbukumbu ya mji mzima. Picha za simu nazo zinaweza kudumu, alimradi mwenyewe azihifadhi zaidi ya mahali pamoja na kuzichapisha zile anazozithamini. Tatizo ni kwamba wingi wake hutufanya tusijue ni zipi.

Mkanda una picha 36 tu. Kila moja hugharimu fedha na muda, na mikanda yenyewe siku hizi si rahisi kuipata madukani. Kwa harusi, kwa mpira, au kwa habari inayotakiwa ofisini kabla ya saa kumi, sitaibeba Zorki. Kwa kumtazama mtu mmoja mpaka umwone, sijapata chombo kinachoishinda.

Nilirudi Ngerengere mara ya tatu. Bibi alicheka sana niliposimulia habari ya kifuniko, na kabla sijapiga aliniagiza nimwonyeshe kwa mbele kwamba lenzi iko wazi. Nilipiga picha nne, nikasafisha mkanda, nikapeleka iliyo bora ichapishwe studio. Safari ya nne nilimpelekea. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ninaweza kumletea nakala nyingine kwa ajili ya watoto wa marehemu dada yake, kwa kuwa, alisema, wao wawili walifanana.

Nakala hiyo nimekwisha kuipeleka. Mkanda ninao.