Kiwambo Kidogo, Matatizo Makubwa: Kusanifu Monita ya Mpiga Picha Atembeaye

Mtu akikimbia huku amebeba kamera ya sinema begani, picha atakazozipata huwa za kurukaruka, na mtazamaji huchoka kuzitazama. Ajabu ni kwamba mkimbiaji mwenyewe haoni dunia ikirukaruka. Misuli ya macho yake, ikisaidiwa na viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio, husahihisha mtikisiko huo kila wakati. Kamera haina viungo vya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi watengenezaji wa sinema walilazimika kutandika reli chini na kuisukuma kamera juu ya kigari.

Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alibuni chombo kilichobadili hali hiyo, nacho kikaitwa Steadicam. Mwaka 1976 kilionekana katika sinema kadhaa, zikiwemo Bound for Glory na Rocky. Katika hii ya pili, bondia anakimbia kuzipanda ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, na kamera inamfuata kwa ulaini ambao haukuwezekana kwa reli. Mwaka 1978 ubunifu huo ulitunukiwa tuzo ya Oscar ya sayansi na ufundi.

Chombo hicho kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kizibao kigumu anachovaa mpiga picha, ambacho huugawa mzigo kwenye mabega, kifua na nyonga. Ya pili ni mkono wa chuma wenye springi, ambao hufyonza mtikisiko wa hatua zake. Ya tatu ni nguzo iliyosimama wima: juu yake imefungwa kamera, na chini yake betri pamoja na monita, yaani televisheni ndogo inayoonyesha kile kinachoonwa na kamera. Nguzo hiyo imeungwa na mkono kwa kiungo cha pete kinachoiruhusu kugeuka pande zote.

Mpiga picha hawezi kuweka jicho lake kwenye kamera, kwani mguso wa kichwa tu ungetosha kuiyumbisha. Monita ndiyo jicho lake. Mara nyingi hutembea kinyumenyume, pengine akishuka ngazi, akiwa na mzigo unaoweza kuzidi kilo 20. Hana budi kuitupia monita jicho mara moja, aelewe, kisha aangalie njia. Asipoelewa upesi, picha huharibika. Na akiikazia macho kupita kiasi, anaweza kuanguka na kuumia.

Sasa jiulize, msomaji: kama ungepewa kazi ya kusanifu monita hiyo, ungeanzia wapi? Wengi watajibu kwamba iwe nyepesi, iwe na mwanga mkali, na picha yake iwe safi kabisa. Tuyapime majibu hayo moja baada ya jingine.

Je, nyepesi ndiyo bora?

Chukua mfano rahisi, tukiuacha kando uzito wa nguzo yenyewe. Kamera ya kilo 9 iko sentimita 20 juu ya kiungo cha pete. Betri na monita, zenye jumla ya kilo 3, ziko sentimita 60 chini yake. Kwa kanuni ya wenzo, 9 × 20 = 180 na 3 × 60 = 180; kwa hiyo nguzo imesawazika. Katika kazi halisi upande wa chini huachwa uwe mzito kidogo tu, ili nguzo isimame yenyewe.

Lakini usawa peke yake hauleti utulivu. Kinachofanya nguzo isiyumbishwe kwa urahisi ni inesha yake ya mzunguko, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa. Inesha hiyo hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye kiungo. Kamera inachangia 9 × 0.2 × 0.2 = 0.36. Vifaa vya chini vinachangia 3 × 0.6 × 0.6 = 1.08. Jumla ni 1.44, katika vizio vya kilogramu mita mraba. Tazama: vifaa vyenye theluthi moja tu ya uzito wa kamera vinachangia utulivu mara tatu zaidi!

Tuseme sasa tumetengeneza monita nyepesi, na jumla ya vifaa vya chini ikawa kilo 2. Ili kurudisha usawa bila kurefusha nguzo, kiungo lazima kisogezwe juu hadi sentimita 14.5 hivi kutoka kwenye kamera. Ukipiga hesabu upya utaona kwamba inesha imeshuka hadi 1.05 hivi, yaani imepungua kwa zaidi ya robo. Mpiga picha amepunguziwa mzigo, lakini chombo chake kimekuwa chepesi kuyumbishwa na upepo na hata na vidole vyake mwenyewe.

Basi msanifu mwenye busara hafurahii wepesi kwa ajili ya wepesi. Kilo aliyoiokoa katika monita anaweza kuirudisha kwa umbo la betri kubwa zaidi. Uzito utabaki uleule, lakini sasa utakuwa unafanya kazi.

Vita dhidi ya jua

Jua la mchana usio na mawingu huangaza kwa kiasi cha laksi 100,000. Kiwambo cha monita kikirudisha asilimia 1 tu ya mwanga huo kwa kuutawanya, hata sehemu zake zinazopaswa kuwa nyeusi zitang'aa kwa kandela 320 hivi kwa kila mita mraba. Kiwambo cha kawaida chenye mng'ao wa kandela 300 kikiwekwa juani, sehemu nyeupe itakuwa na 620 na nyeusi 320. Nyeupe itang'aa mara mbili tu kuliko nyeusi, na picha itaonekana kama iliyopakwa majivu.

Dawa ya kwanza ni kuongeza mwanga. Ukiufanya mng'ao kuwa kandela 600, uwiano wa nyeupe kwa nyeusi utafikia karibu 2.9. Lakini taa za kiwambo zitakula umeme maradufu na kuzidisha joto. Dawa ya pili ni kuupaka uso wa kioo utando unaopunguza mwanga unaorudi, kutoka asilimia 1 hadi nusu ya asilimia. Hapo nyeusi itashuka hadi 160 na nyeupe itakuwa 460. Uwiano ni uleule wa 2.9, bila kuongeza hata chembe ya umeme! Kwa hiyo kupunguza mwanga usiotakiwa ni sawa na kuongeza unaotakiwa, tena kwa gharama ndogo ya betri.

Wasanifu wa zamani walikuwa na njia nyingine. Monita zilizopendwa sana na wapiga picha hao zilitumia neli ya miale ya kathodi yenye mwanga wa kijani. Jicho lililozoea mwanga wa mchana huhisi zaidi mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Monita hizo hazikuonyesha rangi, lakini kilichotakiwa ni kuona mipaka ya picha na mahali alipo mwigizaji, hata jua likiwa utosini.

Picha safi kwa jicho la nani?

Mtu mwenye macho mazima hutofautisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kiwambo kikiwa sentimita 90 kutoka kwenye jicho, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.26. Kiwambo chenye upana wa sentimita 16 kitaweza basi kumwonyesha nukta zipatazo 600 tu kwa upana wake. Kiwambo chenye nukta 1,920 hakimpi jicho la mtu huyo nyongeza yoyote kwa umbali huo. Afadhali fedha zitumike katika kuongeza mng'ao, na katika kukifanya kiwambo kisomeke vizuri kinapotazamwa kwa upande.

Picha iliyochelewa

Katika neli ya miale ya kathodi picha ilitokea karibu papo hapo. Katika viwambo vya siku hizi picha hupitia kwanza hesabu za kielektroni, na huenda ikachelewa. Kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, kuchelewa kwa picha mbili ni sekunde 0.08. Hicho chaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini mtu anayekimbia mita 4 kwa sekunde huwa amekwisha kwenda sentimita 32. Mpiga picha anaongoza kwa habari za zamani, na atasimamisha kamera baada ya wakati wake.

Usawa unaodanganya

Jambo la mwisho ni kujua kama kamera imelala upande. Pima maji ya fundi mwashi ingefaa, lakini hudanganyika kwenye kona. Mtu akizunguka kona ya nusu kipenyo cha mita 2 kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, mchapuko wake kuelekea ndani ya kona ni mita 1.1 hivi kwa sekunde mraba. Povu la pima maji litasogea kana kwamba chombo kimeinama digrii 6 na nusu, hata kikiwa wima kabisa. Vipima mchapuko vya kielektroni navyo hudanganyika vivyo hivyo. Jairoskopu haidanganyiki na kona, ila kosa lake hukua polepole kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana msanifu huviunganisha vyote viwili, ili kimoja kimsahihishe mwenziwe.

Jaribio la darasani

Chukueni ufito wa mita moja na makopo mawili yaliyojazwa mchanga. Yafungeni karibu na katikati, mshike ufito hapo katikati, na kuugeuza upesi huku na huku. Kisha yasogezeni hadi kwenye ncha na kurudia. Uzito haukubadilika, lakini mkono utahisi tofauti kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inesha tuliyoipigia hesabu.

Hesabu zote tulizotumia hapa zimo katika vitabu vya fizikia vya sekondari. Usanifu ni kuzitumia kwa pamoja, huku ukikumbuka nani atakayekitumia chombo na mahali gani. Monita bora kwa mpiga picha huyu ni ile inayompa, kwa kutupa jicho mara moja, habari ya kweli na ya wakati wake, ili macho yake yapate nafasi ya kurudi kwenye ngazi inayofuata.