Nani Anaishi Chini ya Mgomba?

Wanyama wengi wa udongoni hawawezi kuchimba. Nyungunyungu anachimba, mchwa anachimba, fuko ndiye fundi wao. Lakini wale wa chini ya milimita mbili, ambao mita moja ya mraba ya ardhi nzuri huwabeba kwa makumi ya maelfu, hawana nguvu ya kusogeza hata punje ya mchanga. Hupita pale tu penye upenyo: mzizi umeoza ukaacha njia, nyungunyungu kapita, udongo umekauka ukapasuka. Ni wapangaji, na nyumba zao hujengwa na wengine. Ndiyo maana mtu akiniuliza kuna nini chini ya shamba lake, mimi huanza kwa kumuuliza kimeota nini juu.

Koo mbili ndizo zinazotawala huko. Ya kwanza ni utitiri. Ukilitaja jina hilo, mfugaji wa kuku hukunja uso, lakini utitiri wengi wa udongoni hawana haja na damu ya mtu wala ya kuku. Wale wenye gamba gumu, waitwao oribatida, hula majani yanayooza pamoja na kuvu walioyavamia, na spishi zao zilizokwisha kupewa majina zinapita 10,000. Ukoo wa pili ni mkia-fyatuo. Ana miguu sita kama mdudu, ingawa wataalamu wengi siku hizi hawamweki kundi moja na wadudu. Chini ya tumbo amekunja mkia wenye panda, na akishtuka huufyatua akarushwa mbali. Ni mkongwe mno: kisukuku cha jamaa yake kilichopatikana Rhynie, Uskoti, kina umri wa miaka milioni 400 hivi. Kati yao hupita utitiri wawindaji wenye mbio. Na ndani ya utando wa maji unaozunguka chembe za udongo huogelea nematodi, ambao mkulima wa nyanya anawajua kwa ubaya wa wachache wao, minyoo fundo.

Kuwatoa si kazi ngumu. Mwaka 1905 Mwitalia Antonio Berlese alibuni faneli ya kuwakamata kwa joto, na mwaka 1918 Mswidi Albert Tullgren akaiboresha kwa balbu ya umeme. Kanuni haijabadilika hadi leo. Udongo huwekwa juu ya wavu, wavu juu ya faneli, taa juu ya udongo, kichupa cha spiriti chini. Udongo unavyopata joto na kukauka kuanzia juu, wenyeji wake wanakimbilia chini hadi wanaanguka kichupani. Huchukua siku kadhaa. Wepesi hutangulia, wenye gamba huchelewa, na mayai hayaji kabisa, kwa hiyo hesabu yoyote ya faneli ni pungufu ya ukweli.

Weka sasa mikia-fyatuo wawili chini ya hadubini. Mmoja katoka kwenye majani makavu ya juu: ni mkubwa kiasi, ana rangi ya kahawia au zambarau, manyoya mwilini, macho, papasi ndefu, na mkia mrefu wa kurukia. Mwingine katoka sentimita kumi na tano chini: ni mweupe kabisa, kipofu, papasi zake ni vijiti vifupi, na mkia umebaki kikonyo tu au haupo. Gizani macho hayana kazi, na ndani ya kitundu chembamba kuruka hakuna pa kwenda. Umbo la mwili limefuata ukubwa wa matundu. Shamba likikanyagwa na ng'ombe au likapitiwa na trekta udongo ukiwa mbichi, matundu mapana ndiyo hufungwa kwanza, na wanaoyahitaji ndio hupotea kwanza. Udongo wenyewe unaweza kuwa na rutuba ile ile ukiupima maabara.

Upande wa kusini wa Kilimanjaro unaonyesha jinsi kinachoota juu kinavyoamua nani anaishi chini, kuliko mahali pengi ninapopajua. Kuanzia kama mita 1,000 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari kuna vihamba vya Wachaga: migomba, kahawa chini yake, miringaringa na miti mingine juu, mboga na magimbi pembeni. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp ameorodhesha ndani ya vihamba zaidi ya spishi 500 za mimea, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Kwa mnyama mdogo wa udongoni, hiyo ni karamu isiyokatika. Majani ya kahawa hudondoka kidogo kidogo, ya mgomba hukatwa na kutandazwa, na mgomba uliokwisha kuzaa huangushwa ukaozea hapo hapo, ukishikilia maji ndani ya magome yake muda mrefu baada ya mvua kwisha. Ukilibandua gome moja la mgomba uliolala, utaona vijidoa vyeupe vikitawanyika. Wengi wao ni mikia-fyatuo. Ngozi yao hupitisha maji kirahisi, hewa kavu huwaua haraka, na kwa hiyo kivuli kwao kina uzito sawa na chakula.

Shuka sasa hadi mashamba ya mahindi ya tambarare. Mvua ya mwaka, ambayo kwenye ukanda wa msitu inapita milimita 2,000, huku chini ni 700 hadi 900 hivi. Baada ya mavuno ardhi hubaki wazi, na jua la mchana huweza kuupandisha uso wa udongo mtupu hadi zaidi ya nyuzi 45. Lakini tofauti hii haikuletwa na hali ya hewa peke yake. Mabua ya mahindi na nyasi za huko chini hubebwa kupandishwa mlimani kuwalisha ng'ombe wa zizini, na samadi yao humwagwa kwenye kihamba. Kwa miaka mingi, chakula cha wanyama wa udongo wa tambarare kimekuwa kikipanda mlima kichwani mwa watu na siku hizi kwenye bodaboda. Kihamba kinanawiri kwa gharama ya shamba la chini, na sijasikia mara nyingi jambo hilo likisemwa wazi na wanaokisifu kihamba.

Mlima huo huo umefanyiwa utafiti mkubwa uliotumia maeneo 60, ya asili na yanayolimwa, kuanzia savana hadi karibu na mwisho wa mimea. Matokeo yake yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019 yalionyesha kuwa madhara ya matumizi ya ardhi kwa viumbe yanategemea hali ya hewa ya mahali penyewe. Kilimo kile kile hakileti hasara ile ile kila mwinuko.

Si kila jani ni chakula, hata hivyo. Jani la mringaringa au la maharage ni laini, lina nitrojeni ya kutosha, na kuvu hulimaliza upesi. La mgrivelia ni gumu na huchelewa kuoza. Mkaratusi umejaa mafuta na tanini, na wanyama husubiri mvua izioshe kwanza. Chini ya misindano, kama kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai, sindano hujilimbikiza zikawa zulia, na udongo huelekea kuwa mchachu. Nyungunyungu wengi huukimbia uchachu. Oribatida hawajali sana. Misitu ya misindano ya Sweden na Finland, yenye udongo mchachu na baridi, hubeba utitiri wanaoweza kupita 100,000 kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo anayesema chini ya msindano hakuna uhai amekosea, ila uhai huo unafanya kazi polepole.

Hapa ndipo hesabu inapodanganya. Mwaga samadi mbichi kwenye shamba lililolimwa juzi, na baada ya wiki chache faneli itakuletea mikia-fyatuo tele, kwani baadhi yao huzaliana haraka chakula kikipatikana. Jumla itapanda. Lakini oribatida hutaga mayai machache, hukua taratibu, na wengine huishi zaidi ya mwaka. Jembe likipita kila msimu hawapati nafasi ya kurudi. Mashamba mawili yanaweza kuwa na idadi moja, moja likiwa na wageni wa juzi na jingine likiwa na wenyeji wa miaka.

Kwa sababu hiyo napenda kipimo alichokipendekeza Mwitalia Vittorio Parisi mwaka 2001. Hakihesabu vichwa wala hakihitaji majina ya spishi. Kila kundi la wanyama hupewa alama, kuanzia 1 hadi 20, kwa kadiri miili yao ilivyozoea maisha ya chini: anayeruka juu juu hupata chache, mweupe asiye na macho hupata nyingi, kisha alama hujumlishwa. Kasoro yake ni kwamba utitiri wote hupewa 20 bila kubaguliwa, na kwa udongo wetu hilo linafuta nusu ya habari. Ningekitumia, lakini oribatida ningewaweka kando na kuwatazama peke yao.

Anayetaka kujaribu nyumbani anahitaji chupa ya plastiki iliyokatwa, kipande cha wavu wa mbu wa chuma na balbu ya zamani inayotoa joto, maana za LED hazifai. Achukue udongo wa kihamba na wa shamba la mahindi siku moja, kwa kina kimoja, baada ya mvua za masika kuchanganya. Akichukua Septemba, wengi watakuwa wamekwisha kushuka kufuata unyevu, na sampuli ya sentimita tano za juu itamwonyesha ukame tu, hata kama shamba lenyewe ni zima.